Sura ya Tatu: Tovuti Inapokuwa Tegemeo la Mtu

Mwanzoni mwa mwaka 2003, Matt Mullenweg, mwanafunzi wa chuo wa miaka 19 huko Houston, Marekani, alikuwa na blogu iliyoendeshwa na programu ya bure iitwayo b2. Programu hiyo ilikuwa kazi ya Mfaransa mmoja, Michel Valdrighi, na kwa miezi kadhaa Valdrighi hakuonekana wala kusikika. b2 haikuwa ikisasishwa tena. Mullenweg akaandika kwamba anafikiria kuichukua na kuiendeleza mwenyewe. Mwingereza Mike Little akamjibu kuwa yuko tayari kusaidiana naye. Tarehe 27 Mei 2003, juu ya msingi wa b2, wakatoa toleo la kwanza la WordPress, ambayo leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

Watu wengi huisimulia habari hii kwa kumtazama Mullenweg. Mimi humtazama Valdrighi. Hakumkosea mtu yeyote. Aliiandika b2 kwa kupenda, akaitoa bure, kisha akaiacha, na hiyo ni haki ya kila anayefanya jambo kwa mapenzi yake. Ila siku alipoiacha, nyuma yake walibaki watu ambao kurasa zao ziliitegemea, na hakukuwa na mkataba wala malipo ya kuwapa haki ya kumuuliza chochote.

Mpaka kati ya kutengeneza tovuti kwa burudani na kuifanya kuwa kazi uko hapo hapo. Nimekutana na vijana hodari sana, wanaoandika programu usiku kucha kwa furaha, ambao bado wako upande wa burudani. Na nimekutana na wengine wenye ujuzi wa kawaida tu ambao ni watu wa kazi kwelikweli, kwa sababu wamekubali kwamba hata asubuhi wanayoamka bila hamu, tovuti ya mteja bado iko mikononi mwao. Anayetaka kulipwa kwa kutengeneza tovuti anadhani anauza kurasa. Anachouza ni dhamana. Asipolielewa hilo ataendelea kujiuliza kwa nini anajua mengi na bado hana hela.

Ujuzi wenyewe siku hizi haufichwi. Kabla nyaya za intaneti za baharini hazijafika kwetu tulitegemea setilaiti, na kupakua somo moja la video lilikuwa jambo la kupangiwa ratiba. Waya wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, ukapita Dar es Salaam na Mombasa, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010, mlango ulifunguka. Leo kijana wa Morogoro au Kisumu anajifunza HTML, CSS na JavaScript kwa simu, kwenye W3Schools au freeCodeCamp, kwa gharama ya bando peke yake. Sina haja ya kukawia hapa, kwa maana aliyeifikia sura hii ameshajifunza kiasi. Ninachomwomba ni asiendelee kujificha kwenye kujifunza. Wapo wanaohama kutoka somo hili kwenda lile, leo Laravel, kesho React, keshokutwa kitu kingine, wakisubiri siku watakapojiona wako tayari kudai hela. Siku hiyo haiji yenyewe. Huja pale mtu mwingine anapoweka riziki yake juu ya kazi yako, na mambo utakayojifunza wiki ile hayamo kwenye somo lolote.

Tuchukue mfano wa nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, ana vyumba kadhaa, bustani, na picha nyingi alizopiga kwa simu. Anataka tovuti ili wageni wa nje wampate bila kupitia kwa madalali. Anampa kazi kijana mmoja anayetengeneza tovuti, naye anaifanya vizuri: rangi zimetulia, menyu inafunguka kwenye simu, na kuna fomu ya kuombea chumba. Mama anafurahi, anawaonyesha majirani. Wiki zinapita, kisha mama anampigia simu kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi ile tovuti inafanya kazi kweli? Mbona hakuna aliyeandika hata mmoja?"

Mpenda kompyuta atajibu kwamba tovuti iko hewani, aifungue aone. Na kweli iko hewani. Mtu wa kazi ataenda kuijaza ile fomu mwenyewe na kufuatilia ujumbe umeishia wapi. Huko atakuta jambo ambalo limewanyima wenye biashara wengi wateja: fomu imeandikwa ili barua pepe ionekane imetoka kwa mgeni mwenyewe. Mgeni akiandika anwani yake ya Gmail, seva ya tovuti inatuma ujumbe unaodai umetoka gmail.com, wakati umetoka kwenye kompyuta ambayo Google haiijui. Sanduku la mpokeaji linaona udanganyifu. Linautupa ujumbe kwenye barua taka, au linaukataa kabisa, na hakuna anayeambiwa kitu. Mgeni aliyeandika kutoka Ujerumani anaamini ombi limefika. Anasubiri siku mbili, halafu anakwenda kupanga kwingine.

Dawa yake si ngumu. Ujumbe utumwe kwa anwani ya domeini ya nyumba yenyewe, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kujibia, ili mama akibonyeza kujibu barua imfikie mgeni. Kwenye rekodi za domeini iandikwe SPF, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina hilo, pamoja na DKIM, saini inayothibitisha kwamba barua haikuchezewa njiani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti haya, kwa hiyo aliyeyapuuza zamani akanusurika hawezi tena kuwa na uhakika. Juu ya hayo, kila ombi lihifadhiwe pia kwenye hifadhidata ya tovuti, ili barua ikipotea ombi lisipotee. Kazi yote hiyo ni ya mchana mmoja. Hakuna jirani atakayeiona wala kuisifia. Lakini ndiyo inayomletea mama mgeni.

Tukiwa bado kwa mama huyo, tuzitazame na picha. Simu nyingi za sasa hupiga picha yenye uzito wa MB 4 au zaidi. Ukizipanga 10 kwenye ukurasa wa mbele kama zilivyo, ukurasa una MB 40. Kwenye mtandao wa kasi ya megabiti moja kwa sekunde, ambayo si ajabu kuikuta jioni watu wakiwa wengi, ukurasa huo utachukua zaidi ya dakika 5 kufunguka, na utakuwa umekula bando la mtu. Zipunguze kwa vipimo vinavyolingana na kioo cha simu, zihifadhi kwa muundo wa WebP, kila moja ishuke hadi KB 200 hivi. Ukurasa ule ule sasa una MB 2 na unafunguka kwa sekunde 16 kwenye mtandao huo huo mbovu. Weka utaratibu wa picha za chini kupakiwa pale tu mtu anapozifikia, na atakachokiona kwanza kitakuja mapema zaidi. Anayetengeneza kwa kujifurahisha huijaribu tovuti kwenye kompyuta yake, kwa Wi-Fi. Anayelipwa huijaribu kwa simu ya bei ndogo, akiwa ndani ya daladala.

Ukishaielewa dhamana, suala la bei linapoteza aibu yake. Na aibu ndiyo adui mkubwa hapa. Kijana anaulizwa "unafanya bei gani?" na anataja namba ya kwanza inayomjia, mara nyingi ile aliyoisikia kwa mwenzake, kisha anaipunguza kabla hata hajaombwa. Hesabu inapaswa kuanzia nyumbani. Tuseme unahitaji shilingi 1,200,000 za Tanzania kwa mwezi ili uishi, na kazi yenyewe inakula 300,000: intaneti, umeme, nauli, programu za kulipia, na akiba ya kununua kompyuta nyingine hii itakapokufa. Jumla ni 1,500,000. Mwezi una saa 160 hivi za kazi, lakini hutauza zote. Nusu itakwenda kwenye kutafuta wateja, kujibu ujumbe, kujifunza na kudai madeni. Zinabaki saa 80 za kulipwa, na kila moja inapaswa kuleta 18,750. Tovuti ya kurasa chache iliyofanywa kwa uangalifu, na fomu inayofika na picha nyepesi, huweza kuchukua saa 40. Bei yake basi ni 750,000. Ukiifanya kwa 150,000 umejilipa 3,750 kwa saa, na mwezi ujao utalazimika kubeba kazi nyingi mno kiasi kwamba hutapata muda wa kuijaribu fomu hata mara moja. Kwa mahesabu hayo bei ya chini humuumiza hata huyo mteja uliyedhani unamhurumia.

Mteja akisema hana kiasi hicho, punguza kazi badala ya kupunguza bei. Ukurasa mmoja wenye picha tatu nzuri, namba ya simu na ramani ni tovuti halali kabisa kwa fundi seremala au saluni. Nafasi ya kuikuza ipo.

Fundi cherehani anayejua kazi yake hakati kitambaa kabla hajachukua vipimo na kupokea advansi, na hakuna anayeona kwamba amekosa adabu. Sisi pia tufanye hivyo bila kujikunyata. Nusu ya malipo kabla ya kuanza, sehemu nyingine mteja anapoiona tovuti ikiwa kwenye anwani ya majaribio, na iliyobaki kabla haijahamishiwa kwenye domeini yake. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, kisingizio cha "nitapita benki wiki ijayo" kimekwisha nguvu. Ankara ikitumwa na namba ya malipo imeandikwa juu yake, mwenye nia atalipa akiwa amekaa pale pale.

Vipimo vyetu ni maandishi. Hata karatasi moja inatosha, mradi itaje kurasa ni ngapi, nani ataandika maneno, nani ataleta picha na lini, marekebisho yatafanywa mara ngapi, na nini hakimo. Hilo la mwisho ndilo linalookoa urafiki. Maana ombi la nyongeza haliji likiwa limevaa sura ya ombi. Linakuja saa nne usiku kwa WhatsApp, kwa sauti ya upole: "Mdogo wangu, hapo weka na sehemu ya watu kulipia moja kwa moja, kitu kidogo tu." Kuunganisha malipo ya simu si kitu kidogo. Kuna usajili kwa kampuni ya simu au wakala wake, kuna majaribio, kuna kuhakikisha muamala uliokatika katikati haumwachi mnunuzi amelipa bila kupata alicholipia. Jibu linaweza kuwa la heshima na bado likawa wazi: "Sawa kaka, inawezekana. Haikuwa kwenye makubaliano yetu, kwa hiyo kesho asubuhi nitakutumia gharama yake na muda, ukiridhika tuanze." Mkubwa wa kweli hachukii jibu hilo. Nimeona zaidi ya mara moja kwamba heshima yake kwako inapanda kuanzia hapo.

Lipo jambo moja ambalo ningependa liwe desturi ya kila mtu wa fani hii, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona biashara za watu zikiumia: domeini isajiliwe kwa jina la mteja, kwa barua pepe ya mteja, tangu siku ya kwanza. Iwe .co.tz, .co.ke au .com, hoja ni ile ile. Wapo wanaoisajili kwa majina yao, wengine kwa uvivu tu, wengine kwa makusudi ili mteja asiweze kuhama. Kisha fundi anabadili namba, anasafiri, anaugua, au wanakosana. Muda wa usajili unakwisha, taarifa za kukumbusha zinakwenda kwenye sanduku ambalo mwenye biashara halioni, na asubuhi moja jina lililochapishwa kwenye mabango na magari yake halifunguki. Barua pepe za ofisi nazo zinanyamaza, kwa kuwa zilisimama juu ya domeini hiyo hiyo. Huyo hakumpa mteja tovuti, alimpangisha bila kumwambia. Mkabidhi mteja nywila zake zikiwa zimeandikwa vizuri, mwonyeshe msajili ni nani na tarehe ya kulipia ni lini. Atabaki nawe kwa kuwa unamfaa.

Sheria nazo zinaingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilikuwa na yake tangu 2019. Fomu inayoomba jina, simu na namba ya pasipoti ya mgeni tayari imekusanya taarifa binafsi, na swali la zinahifadhiwa wapi na nani anaziona ni swali lako. Acha kuomba usichokihitaji. Hilo peke yake linapunguza hatari kubwa. Mteja wa Tanzania akitaka kuendesha tovuti ya habari, mweleze kuhusu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotoka mara ya kwanza mwaka 2018 na kubadilishwa baadaye, ambazo zilianza kudai leseni. Na Desemba 2016, Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alipofikishwa mahakamani Dar es Salaam, moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha tovuti kwa domeini isiyosajiliwa Tanzania. Kila mmoja ana maoni yake juu ya kesi ile, na mimi niliumia kuiona. Kwa mtengenezaji wa tovuti ilionyesha kwamba herufi chache mwishoni mwa anwani zinaweza kusomwa mbele ya hakimu. Anayelipwa anapaswa kuzijua kabla ya mteja wake.

Kwenye kodi nitapita haraka. Pata namba ya mlipakodi, sajili jina la biashara, tunza ankara. Kampuni itakapokulipa itakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa huduma za kitaalamu, Tanzania na Kenya vile vile kwa mkazi. Dai cheti cha makato hayo kila mara na ukihifadhi, kwa sababu ni kodi yako iliyokwisha kulipwa, na bila karatasi hiyo ni kama hukulipa.

Sasa kuna swali ambalo vijana wananiuliza kwa hofu, hasa tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022: kama mashine inaweza kuandika ukurasa mzima kwa dakika moja, nani atatulipa? Hofu yao ni ya haki. Kazi ya kupanga vibonyezo na rangi imeshuka thamani, na itazidi kushuka. Lakini rudini kwenye ile fomu ya Bagamoyo. Mashine itaiandika, na huenda ikaiandika vizuri kuliko kijana wetu. Haitapigiwa simu na mama. Haitakumbuka kwamba domeini inakwisha muda mwezi wa tisa, haitagundua kwamba programu-jalizi fulani haijasasishwa tangu mwaka juzi na sasa imeacha tundu la wezi, wala haitakesha kuirudisha tovuti kutoka kwenye nakala rudufu siku ilipodukuliwa. Aliyekuwa akiuza kurasa anakabiliwa na mshindani asiyelala. Aliyekuwa akiuza dhamana amepata chombo cha kumharakishia kazi.

Ndiyo maana nasisitiza mkataba wa matunzo kuliko kitu kingine chochote. Tovuti ikikamilika, mwekee mteja pendekezo la malipo madogo ya kila mwezi: nakala rudufu zinazohifadhiwa nje ya seva ile, masasisho, kuijaribu fomu, marekebisho ya bei na picha, na mtu wa kupokea simu. Taja muda utakaochukua kujibu. Usiahidi usiku na mchana kama uko peke yako, ahidi saa za kazi na utimize. Na nakala rudufu isiishie kuwepo tu. Irejeshe mahali pa majaribio mara kwa mara uone kama inafunguka, maana wengi hugundua nakala yao ni bovu siku ile ile wanayoihitaji.

Wateja wa matunzo hawaonekani wakubwa mmoja mmoja. Mmoja wa 60,000 kwa mwezi hakufanyi utoke kwenye ajira. Kumi wanaleta 600,000 kabla hujagusa kazi mpya yoyote, na hapo unaanza kulala vizuri. Kwa hiyo mtu akiniuliza aache lini kazi yake ya mshahara, huwa simuulizi ametengeneza tovuti ngapi. Namuuliza ni wangapi wanamlipa kila mwezi, wamelipa kwa muda gani mfululizo, na kama jumla yao inafikia kodi ya nyumba na chakula. Namuuliza pia kama ana akiba ya miezi kadhaa, na kama nyumbani wanajua anachotaka kufanya, kwa kuwa mwezi wa kwanza bila mshahara hauwi wa mtu mmoja. Majibu yakiwa hayajafika, abaki kazini, afanye wateja wawili watatu jioni na Jumamosi, kwa mikataba ile ile na kwa bei ile ile ambayo angetoza kama hiyo ndiyo ingekuwa riziki yake yote.